Barua ya wazi kwa wahandisi na maofisa ugavi wa mamlaka za maji: presha ikipanda, nunueni ungio zima

Ndugu zangu wahandisi na maofisa ugavi,

Mimi ni fundi mabomba, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye miradi ya mserereko, ile ambayo maji hushuka yenyewe kutoka chanzo cha mlimani hadi kwenye vituo vya kuchotea vijijini. Nimefanya kazi chini ya wahandisi wengi na wengi wao nawaheshimu. Barua hii haimlengi mtu. Inalenga mstari mmoja kwenye karatasi ya mahitaji, ambao nimekutana nao mara nyingi mno, na ambao umewagharimu wananchi maji na mamlaka fedha.

Mstari wenyewe huandikwa hivi: "Flenji inchi 8, vipande 24. Gasketi inchi 8, vipande 24. Bolti na nati, jumla."

Basi, umekwisha. Presha haikutajwa, kiwango hakikutajwa, matundu hayakuhesabiwa. Mzabuni anasoma inchi 8, anatafuta inchi 8 ya bei ya chini kuliko zote, anashinda kihalali, na mzigo unafika stoo. Kuanzia hapo tatizo si la karatasi tena. Ni la sisi tulio na spana mkononi, na la mama aliyepanga ndoo tangu alfajiri.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye mradi mmoja uliokuwa ukiboreshwa. Chanzo cha zamani kilikuwa mita 90 juu ya bonde ambalo bomba linalivuka kabla ya kupanda tena kuelekea vijijini. Chanzo hicho kilipoanza kukauka, likajengwa banio jipya la maji mita 80 juu zaidi. Uamuzi ulikuwa mzuri, maji ya huko yalikuwa mengi na safi. Lakini kila mita 10 za kimo cha maji huleta karibu bar 1 ya presha, na hesabu hiyo haina msamaha. Pale bondeni, ambapo zamani geji ilisoma karibu bar 9 vituo vyote vikiwa vimefungwa, sasa ilipaswa kusoma karibu bar 17. Laini ya zamani ilikuwa PN10. Flenji mpya zilizoletwa zilikuwa PN16, kwa sababu PN16 ndiyo iliyozoeleka madukani.

PN16 maana yake ni bar 16 kwa maji ya baridi. Bonde lilitaka 17, na hapo mshindo wa maji, nitakaoueleza mbele, haujaongezwa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na hakuna aliyeliona kwa sababu namba hazikuwekwa pamoja kwenye karatasi moja. Presha ilikuwa kwenye faili la mhandisi, flenji zilikuwa kwenye faili la ugavi.

Kosa la pili lilionekana kwa macho. Flenji ya DN200, ndiyo ile inchi 8, ya PN10 ina matundu 8 kwenye mduara wa milimita 295. Flenji ya DN200 PN16 ina matundu 12 kwenye mduara uleule wa milimita 295, na kipenyo chake cha nje ni kilekile, milimita 340. Ukizilaza mbili juu ya meza, mtu asiyehesabu matundu ataapa ni pacha. Sasa, mabomba yalibadilishwa lakini vali kubwa ya bondeni iliachwa kwa kuwa ilionekana bado nzima. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, PN10, matundu 8. Tukaizungusha flenji mpya mbele ya ile vali, kijana mmoja akimulika kwa tochi na kuchungulia kila tundu. Tuliizungusha tena. Kwa namna yoyote utakayozipanga, matundu 12 na matundu 8 yanakutana mahali panne tu. Mengine yote yanatazamana na chuma kitupu.

Simu ikaja kutoka ofisini: kazeni hizo nne, maji yafunguliwe, vali mpya itafuata. Nilikataa kwa mdomo, kisha mikono yangu ikafanya nilichoambiwa. Hilo nalibeba mwenyewe, na ni sababu mojawapo ya kuandika barua hii.

Usiku wa tatu, saa tisa, vituo vyote vimefungwa na watu wamelala, presha ikapanda hadi mwisho wake na gasketi ikatoka. Tulipofika kukipambazuka tulisikia ngurumo ya maji kabla ya kuliona bonde. Shamba la maharage lililokuwa chini ya mtaro lilibaki mawe. Gasketi tuliiokota mbali na bomba, imechanika katikati ya bolti mbili, mpira laini mweusi wa milimita 3 usio na kitu chochote ndani yake. Maji yalirudi baada ya siku kumi na moja.

Naomba tuliangalie ungio lenyewe linavyofanya kazi, maana nimegundua kwamba hata baadhi ya wanaosaini karatasi hizi hawajawahi kuelezwa.

Katika bomba la DN200, presha ya bar 17 inazisukuma flenji mbili ziachane kwa nguvu ya zaidi ya tani 5. Hebu fikirieni magari madogo matano yananing'inia kwenye ungio hilo, usiku na mchana. Kinachoyazuia ni bolti peke yake. Bolti inapokazwa huvutika kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na ule mvuto ndio unaoibana gasketi katikati ya nyuso mbili za chuma. Maji yakiingia, yanazisukuma flenji kuachana na kupunguza ule mbano. Gasketi inaziba kwa mbano unaobaki baada ya maji kusukuma, si kwa ule uliokuwepo fundi alipoweka spana chini. Ukibaki mdogo, inavuja. Ukibaki mdogo zaidi na gasketi ni laini, inapulizwa nje kama ile niliyoiokota.

Ndiyo maana daraja la presha linapopanda, kila kitu kwenye ungio hubadilika kwa pamoja. DN200 ya PN25 ina matundu 12 kama PN16, lakini mduara wake unapanuka hadi milimita 310 na bolti zinatoka M20 kwenda M24. Ya PN40 inafika milimita 320 na bolti M27. Unene wa flenji nao unaongezeka, na kwa sababu ya maana: flenji nyembamba ikikazwa sana hujikunja, kingo za nje zinasogeleana huku upande wa ndani unafunuka, na gasketi inabanwa mahali ambapo haikuhitaji kubanwa. Fundi wa mashine anayekata flenji kutoka kwenye bati nene lililopo karakana bila kuuliza ni ya presha gani anatengeneza duara lenye matundu, si flenji.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi ya matundu kukataana, nao ni matundu kukubaliana. Chukueni inchi 4. Flenji ya Kimarekani ya daraja la 150 ina matundu 8 kwenye mduara wa milimita 190.5. Flenji ya DN100 ya PN25 na ya PN40 ina matundu 8 kwenye mduara wa milimita 190. Zinaingiliana, bolti zinapita, kila mtu anafurahi. Lakini ile ya daraja la 150, ikiwa ya chuma cha kawaida cha kaboni, inabeba bar 19.6 tu kwenye joto la kawaida. Mkiiunganisha na PN40 mmepata ungio la bar 19.6, hata kama upande mmoja umegongwa muhuri wa 40. Na kuna wanaosoma hiyo 150 wakadhani ni presha kwa vipimo vya Kiingereza. Siyo, ni jina la daraja tu.

Kwenye laini kongwe tunakuta flenji za kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 10, zile ambazo mafundi wazee wanaziita Tebo D na Tebo E. Inchi 4 ya Tebo D ina matundu 4, ya Tebo E ina 8, zote kwenye mduara wa inchi 7, yaani milimita 178. DN100 ya PN16 iko kwenye milimita 180. Tofauti ni milimita mbili, na nimeshuhudia bolti zikipigwa nyundo ili zipite kwa Tebo E. Zinapita, lakini Tebo E ilikusudiwa karibu bar 14, na D nusu ya hapo. Kwenye DN80 ndiyo kabisa: kwa kiwango cha Ulaya, PN10 hadi PN40 zote zina matundu 8 ya M16 kwenye mduara wa milimita 160. Hapo matundu hayakuambii lolote. Kinachokuambia ni maandishi yaliyogongwa kwenye ukingo: ukubwa, PN, kiwango, aina ya chuma, jina la mtengenezaji. Flenji isiyo na maandishi ukingoni irudishwe kwenye gari lililoileta, hata kama bei yake imewafurahisha.

Sasa gasketi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye laini na ndicho kinachoangusha laini.

Imani iliyoenea mitaroni kwetu ni kwamba presha ikiwa kubwa, gasketi nayo iwe nene. Nimekuta ungio lenye gasketi mbili zimepandishwa, moja juu ya nyingine. Ukweli uko upande wa pili. Maji huisukuma gasketi kutoka ukingo wake wa ndani kwenda nje, na gasketi ikiwa nene ukingo huo unakuwa mpana, maji yanapata pa kushika. Gasketi nene pia hulegea zaidi kadiri siku zinavyokwenda, na bolti zinalegea nayo. Kwa flenji zilizonyooka na nyuso safi, karatasi ngumu ya milimita 1.5 inastahimili presha kuliko ya milimita 3 ya aina ileile. Unene unatafutwa pale tu nyuso zilipopinda au kuharibika, na hapo dawa ya kweli ni kuzisawazisha nyuso.

Mpira mtupu unafaa presha ndogo. Kwa maji ya kunywa kwenye PN16 na kuendelea, mimi naomba gasketi ya mpira wa EPDM yenye pete ya chuma ndani. Chuma kile kinauzuia mpira usikimbie unapobanwa, na mpira wenyewe unaziba bila kudai nguvu kubwa ya bolti. Na iwe imethibitishwa kwa maji ya kunywa, maana watoto watayanywa. Tyubu ya lori si gasketi. Naandika hivyo kwa sababu nimeikata kwa mkasi mara nyingi, nikiwa nimeletewa flenji bila gasketi na jua linazama.

Wengine, wakitaka kuwa na uhakika kabisa, huagiza gasketi za chuma kilichozungushwa pamoja na grafaiti, zile za viwandani na kwenye mvuke. Ni nzuri sana mahali pake. Lakini zinataka kubanwa kwa nguvu kubwa ndipo zikae, na flenji za PN10 na PN16 zenye bolti za kawaida haziwezi kutoa nguvu hiyo. Mnanunua kitu cha gharama zaidi na kinavuja. Mkilazimisha kwenye flenji ya chuma cha kusubu, chuma hicho hakipindi, kinavunjika. Vilevile flenji ya chuma yenye uso ulioinuliwa isikazwe dhidi ya flenji bapa ya chuma cha kusubu kwa gasketi ya pete. Ukingo wa nje unabaki unaning'inia, na bolti ya mwisho inapokazwa ukingo huo unakatika. Hapo huo mwinuko unachongwa, kisha inawekwa gasketi inayofunika uso wote hadi nje ya bolti.

Ukubwa nao una siri yake. Gasketi ya pete hukaa katikati kwa kuegemea bolti. Kwa DN200, ya PN10 na PN16 ina kipenyo cha nje cha milimita 273, ya PN25 ina 284, ya PN40 ina 290. Mkiandika "gasketi inchi 8" mtaletewa 273. Ikiingia kwenye flenji ya PN25 haifiki kwenye bolti, inashuka upande mmoja kwa uzito wake, na fundi anafunga bila kuona, kwa sababu flenji zikishakaribiana huwezi kuona tena. Tofauti ya milimita 11 mnaweza kuikuta miezi sita baadaye, chini ya udongo.

Ile karatasi ya kijivu ambayo mafundi wote wanaiita asbesto, ulizeni kabla ya kuilipia. Kama ni ya nyuzi zisizo asbesto, sawa. Kama ni asbesto kweli, vumbi lake linapokatwa linasababisha saratani, na anayelivuta ni kijana mwenye patasi stoo kwenu.

Kwenye bolti nitakuwa mfupi. Kichwani mwa bolti pana namba. Bolti ya 8.8 inaanza kuvutika isirudi kwenye mkazo wa megapaskali 640, ya 4.6 inaanza kwenye 240. Kwa macho ni sawa, na dukani bei haipishani sana, lakini moja ina nguvu zaidi ya mara mbili ya mwenzake. "Bolti na nati, jumla" italeta za 4.6 au zisizo na namba kabisa. Nunueni pia washa na grisi ya nyuzi, kwani bolti kavu hula nguvu kubwa ya mkono wa fundi kwenye msuguano. Hata ikiwa na grisi, ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo inayofika kwenye kuivuta bolti. Grisi ni ya nyuzi na chini ya nati. Gasketi isipakwe, inateleza na kutoka. Nasi mafundi tuna wajibu wetu: kukaza kwa msalaba, kwa hatua tatu, kumalizia kwa mzunguko mmoja, kuacha saa kadhaa, kurudi kukaza tena laini ikiwa haina presha. Kukaza ungio linalovuja huku maji yakisukuma ni kuomba kifo, na kiongozi yeyote anayemwambia fundi afanye hivyo ajue anachoomba.

Nilitaja mshindo wa maji. Kwenye miradi ya pampu umeme unakatika, pampu inasimama ghafla, na maji yaliyokuwa yanakimbia kwenye bomba la chuma yanagota. Kwa kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde unaosimamishwa mara moja, presha inaruka kwa takriban bar 10. Nikolai Joukowsky alilipima jambo hilo kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890, kwa hiyo si habari mpya kwa mhandisi yeyote. Kwenye mserereko hakuna pampu, lakini yupo mlinzi wa laini anayefunga vali kwa haraka kwa sababu mvua inakuja. Laini inayosoma bar 12 asubuhi inaweza kuonja 20 jioni hiyohiyo. Basi chagueni PN kwa ile presha mbaya kuliko zote, mahali pa chini kuliko pote, na hesabu hiyo iandikwe. Pengine itawaonyesha kwamba tanki la kupunguza presha katikati ya mteremko litagharimu kidogo kuliko kubadilisha kila kitu kuwa PN25. Hilo nalo ni jibu zuri, na ni bora lijulikane kabla ya zabuni.

Kwa bonde lile, mstari wa mahitaji ungeandikwa hivi, nami ningeweka spana begani na kwenda bila wasiwasi: "Maungio ya flenji DN200, PN25, EN 1092-1, chuma cha kaboni, uso ulioinuliwa, matundu 12 kwenye mduara wa milimita 310. Kila ungio lije na bolti 12 za M24 daraja 8.8 zenye urefu wa kutosha, nati na washa, na gasketi moja ya EPDM yenye pete ya chuma, kipenyo cha nje milimita 284, iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa. Alama zigongwe ukingoni. Vali na vifaa vyote vya eneo hilo viwe PN25." Ni mistari minne badala ya mmoja. Mzabuni hatakuwa na pa kupenyea, na mkaguzi wa hesabu ataelewa kwa nini bei imepanda.

Maofisa ugavi, siwalaumu kwa kutoijua milimita 284. Si fani yenu. Lakini mnapopewa mstari mtupu mna haki ya kuurudisha kwa mhandisi, na nawaomba muitumie. Wahandisi, msiuache mchoro ofisini. Uende pamoja na mahitaji hadi kwa mzabuni. Na siku ya kupokea mzigo, pamoja na kamati ya mapokezi, awepo fundi mmoja mwenye futi ya chuma na kalipa. Kazi yake itachukua nusu saa: kusoma kingo, kupima mduara, kuhesabu matundu, kuangalia vichwa vya bolti.

Bajeti mpya inaandaliwa na najua kuna laini nyingi zinazopandishwa presha, maana vyanzo vya chini vinakauka na tunazidi kupanda juu kutafuta maji. Kabla hamjasaini mahitaji hayo, pigeni simu mtaroni mkatuulize vali ya zamani ina matundu mangapi. Tutafukua, tutahesabu, na tutawajibu siku hiyohiyo.

Wenu katika kazi,
Fundi mabomba, Nyanda za Juu Kusini